Kivuli Kilichogoma

Kazi yangu Tampere ilikuwa kugonga kuta.
Nililipwa kwa saa nitafute ufa,
nikimpeleka binti wa mchezoni, taa mkononi,
kila kona ya nyumba aliyoijenga Taimi Ruokolainen
ndani ya kimashine cha kijivu chenye kumbukumbu
isiyotosha hata picha moja ya harusi.

"Hili ni shuka la mtoto," alisema Taimi,
"na watu wazima sita wanataka kujifunika.
Ukivuta kichwani, miguu yaona baridi."
Sauti inadai, milango inadai, nywele za binti zinadai.
Mwanga hufika mwisho, mgeni asiyealikwa,
na kivuli ni mtoto wa huyo mgeni.

Taa moja, kimashine kikapumua.
Taa mbili, kikakohoa.
Ya tatu ilipowaka, binti akaanza kutembea
kama avukaye tope la magoti,
picha kumi kwa sekunde,
feni ikilia juu ya meza.

Basi Taimi akaamua kudanganya,
udanganyifu wa fundi, si wa mwizi.
Akapiga hesabu usiku kucha kwenye kompyuta kubwa,
wapi mwanga wa dirisha utaangukia, wapi utakatwa,
kisha akavipaka vivuli sakafuni kama rangi,
vikaukie humo, visidai chochote tena.
Chini ya miguu ya binti akaweka duara jeusi,
sahani ya moshi inayomfuata popote,
hata gizani, pasipostahili kivuli.
"Nani atatazama chini?" akaniuliza.

Mimi. Nililipwa kutazama chini.

Desemba ile jua lilichungulia karibu saa nne,
saa tisa likaaga.
Tulitoka kazini gizani, theluji ikirudisha
mwanga wa barabara hadi kidevuni mwa Taimi.
Akasimama ghafla kati ya nguzo mbili.
"Tazama. Ninavyo viwili."
Kimoja mbele kikififia, kimoja nyuma kikikolea,
ukingo mkali kama wembe karibu na viatu,
na kule kichwani umelainika kama sufu.
"Na vyote hivi bure," akasema, kwa wivu kabisa.
"Hakuna anayevihesabia."

Tarehe kumi na tisa nilikiona.
Chumba cha juu, kiti cha mbao kando ya dirisha.
Nikakisukuma. Kiti kikaenda.
Kivuli kikagoma.
Kilibaki sakafuni, miguu minne na egemeo,
kikisubiri mwili.
Nikaandika: Kosa la mia nne na kumi na mbili.
Kiti kinahama, kivuli hakihami.

Taimi alikuja akasimama nyuma yangu.
Kahawa yake ikapoa.
Halafu akasema baba yake alipokufa, Septemba,
walikibeba kiti chake chini wakampa jirani,
na kwenye mkeka wa plastiki wa jikoni
vikabaki vimiraba vinne vya kijani,
kijani ambayo jua halikuigusa miaka thelathini.
Mama yake huvipita pembeni.
Hupiga deki kuvizunguka.

Hannes, meneja, alitaka kosa lifungwe kabla ya Krismasi.
Dawa ilikuwa mstari mmoja tu:
kiti kipigiliwe, kisisukumike tena.
Taimi akauandika. Kazi ni kazi.

Siku ya kukabidhi diski nikapanda chumba cha juu,
nikakigonga kiti kwa bega la binti mara ishirini.
Hakikutikisika. Nikatia alama: limefungwa.
Ila nilipoinua taa na kutazama chini
nikaona kivuli kimepanuka kidogo kuliko kiti,
juu, upande wa dirisha,
kama vile mtu amekikalia.

Hilo sikuliandika.