Kwa Nini Kona ya Nne Imepinda

Umekuja na kompyuta, mhandisi, na ramani iliyopigwa kutoka angani.
Vizuri. Ila ifunge kwanza, vaa viatu vya mpira,
tuuzunguke mduara huu kwa miguu.
Rekodi ya gari ni dakika mbili na sekunde sita.
Yangu, tangu goti liliponigeuka, ni saa moja na nusu,
nami niliwapimia madereva muda miaka thelathini na miwili
kwa saa hii hii, yenye ufa kiooni.

Tunaanzia kwenye ukuta wa shule. Mstari mweupe ni huu.
Chini yake kuna mstari mwingine, na chini ya huo, mwingine:
kila meya alipaka wake.
Mwaka wa thelathini na moja hapa palikuwa na mawe ya kuchonga
na mabata bukini wa bibi Hedvika, wasiompisha mtu.
Kona ya kwanza, kushoto, ni ya mwokaji mikate.
Aliyeikosa aliingia dirishani, akatoka mweupe pepe,
mzima, anapiga chafya za unga.

Kisha mteremko.
Unajiuliza kwa nini tunakwenda kinyume cha mishale ya saa.
Padri ndiye aliyeamua. Alisema: mkipanda mbele ya kanisa
mtanguruma juu ya misa yangu;
mkishuka mtaondoa mguu kwenye mafuta,
mtapita kimya kama watu waliotubu.
Basi wakashuka. Hadi leo wanashuka,
ingawa padri amelala pale, nyuma ya ukuta,
na hakuna kinachomkera tena.

Kona ya tatu usiniulize.
Pana kizuizi, kushoto, kulia, kushoto,
kilichowekwa mwaka wa sabini na tano, theluji ilipoyeyuka.
Kabla ya hapo palikuwa na mwendo, na palikuwa na Lubor.
Twende.

Sasa simama. Ya nne ndiyo hii.
Inakufungulia mlango, halafu inabadili nia,
inajikunja ndani kama mtu aliyekumbuka deni.
Jana mezani ulisema aliyeichora alikuwa na kipaji.
Aliyeichora ni Otakar Vrzal, mchinja nguruwe,
na penseli hakuigusa.
Kamati ilitaka barabara inyooke, ipasue shamba lake.
Wakamletea fedha. Akazihesabu mara mbili, akazirudisha.
Wakamletea askari. Akawapakulia supu.
Alikuwa na miplamu kumi na saba, ameipanda mkewe
kabla kifua hakijamchukua.
Akasema, nitaing'oa siku Božena atakaponiambia.
Božena hakusema kitu.
Lami ikanywea, ikazunguka.

Vifaru vilipita hapa mara mbili,
safari ya kwanza vikitokea magharibi, ya pili mashariki.
Kimoja kilikata kona.
Ndiyo maana ukihesabu utapata miti kumi na sita.

Huko mbele, penye misunobari, njia ya zamani ina mnyororo.
Kilometa mbili za lami wamezirithi kulungu,
nao hawana pa kuwahi. Kuvu imemeza ubao wa mafuta ya injini,
imebaki herufi O na nusu ya uso wa mwanamke anayecheka.
Sisi tunakata hapa, tunarudi shuleni.
Mduara ulikuwa na kilometa nane. Umebaki na tano na ushei,
kama mimi, umefupishwa na madaktari.

Najua kilichomo kwenye ramani yako.
Nimeuona mstari mwekundu, umenyooka kama mshale,
unapita juu ya miplamu kana kwamba ni mavumbi kwenye kioo.
Unasema tutaokoa sekunde nne.
Kijana, nimepima sekunde maisha yangu yote.
Sijaona mtu aliyeokoa nne akajua pa kuziweka.

Haya, shika hii. Imeiva upande mmoja tu, upande wa jua.
Ukimaliza, kokwa usiitie mfukoni.
Iteme pale, ndani ya kona,
palipo na pengo.