Safu ya Tatu

Mwalimu Muhonja alikuja na vifuniko viwili
vya mkebe wa mafuta ya kupikia,
pamba kidogo, maji katika kikombe cha bati,
na swali aliloliandika kwa chaki ya manjano:
Kipi ni hai? Kipi si hai?
Akapiga mstari katikati ya ubao.

Tulijua majibu, au tulidhani.
Ng'ombe, huku. Kiti, kule.
Hedimasta, huku (tukacheka chini ya madawati),
na lile jabali linaloegemea uzio wa shule, kule.
"Hapana," akasema Kisia, jirani yake jabali,
"mwaka wa mvua kubwa lilitembea hatua tatu
likala choo cha baba."
Hapa Mbale hakuna asiye na kisa cha jiwe.
Mwalimu hakucheka. "Lilitembea, au lilisukumwa?"
Kisia akaketi.
Akainuka tena, safari hii na moto:
moto unakula kuni, unavuta hewa,
unazaa cheche, na cheche zinakua.
"Tusibishane kwa midomo," akasema mwalimu.
"Tuviulize vyenyewe."

Punje tano za maharagwe katika kifuniko cha kwanza,
kokoto tano katika cha pili.
Zote zikatandikiwa pamba, zote zikanyweshwa sawa,
zote zikawekwa dirishani penye jua la asubuhi.
Ulinzi ukaniangukia mimi.
Jumamosi nilipanda mlima peke yangu, ufunguo shingoni,
nikazigawia kokoto maji yao bila kuzipunja,
na, Mungu anisamehe, nikazinong'oneza:
jitahidini.

Siku ya tatu maharagwe yalivimba.
Siku ya tano ngozi zikapasuka,
kidole cheupe kikachungulia, kikaelekea chini
bila kuonyeshwa chini ni wapi.
Kokoto zilikuwa safi.
Ni hilo tu: safi.

Lakini punje moja haikuota.
Ililainika, ikanuka,
ikatoa povu la kijivu ubavuni mwa nduguze.
Mwalimu alikwisha kuishika aitupe
Vugutsa aliponyoosha mkono,
Vugutsa ambaye hatukuwa tumeisikia sauti yake
tangu likizo ya Aprili.
"Na hii, mwalimu, tuiandike wapi?"
"Si hai," akadakia mtu wa nyuma. "Iende na mawe."
"Jiwe halijafa," akasema Vugutsa.
"Jiwe halijui hata kuoza."

Mvua ya saa tisa ilianza kugonga mabati.
Nilimwona mwalimu akiutazama ubao wake
kama mtu aliyeletewa barua.
Kisha akapiga mstari mwingine,
safu ya tatu, nyembamba, maana ubao ulikuwa unakwisha:
Vilivyokuwa hai.
"Njooni mjaze."

Tukajaza. Mbao za madawati: zilikuwa mkalitusi.
Ufagio. Pamba yenyewe.
Mshipi wa ngozi wa Kisia, alioufungia tundu la mwisho.
Makaa, akaongeza Kisia, hakutaka kushindwa kabisa.
Tulivigusa vitu tulivyovikalia mwaka mzima
kama tunaomba radhi.
Vugutsa akaja mwisho. Akaandika chini kabisa,
kwa herufi ndogo za mtu anayebania chaki:
Asava.
Hakuna aliyeuliza.
Sote tulikuwa tumepita kando ya migomba yao,
tukauona ule udongo, mfupi kuliko jembe,
bado mwekundu.

Ijumaa, zamu ya kufuta ubao ilikuwa yangu.
Nilifuta safu ya kwanza. Nikafuta ya pili.
Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya.
Nikatundika kifutio kwenye msumari wake,
nikafunga mlango.

Jumatatu hesabu za kugawanya
zilibanwa upande wa kushoto,
tarakimu zikipandiana mabegani,
na si mwanafunzi, si mwalimu,
aliyelalamika kwamba nafasi haitoshi.