Shiraa

Watoto wa Mkomani huambiwa: ukisikia
kitambaa kinaburura usiku na hakuna upepo,
geuza uso ukutani. Huyo ni Mwana Maka,
amerudi kuhesabu.

Anahesabu nini? Inategemea nani anasimulia.
Bi Amria wa vitumbua husema ni vidole:
alikata vya kila mjakazi aliyevunja sahani
akavipanga kwenye zidaka, kimoja kimoja,
pale ambapo wenziwe waliweka kauri za Uchina.
Fundi Madi, aliyekwangua kuta za ndani
nyumba iliponunuliwa na wageni,
aliapa amekuta unywele ndani ya chokaa.
Wiki ya pili ukawa msuko mzima.
Kufikia Ramadhani alikuwa msichana,
amesimama wima ukutani, mato wazi.
Wengine wanasema bibi yule hakuwa na kivuli.
Wengine: alikuwa nacho, ila kilibebwa na watu.

Hawa wa mwisho hawakusema uongo.

Mwanamke wa kiungwana hakutembea na jua.
Alikwenda ndani ya shiraa,
nguo pana juu ya fito, na wajakazi wa kuzishika,
na mji ukaona hema linapita ndia nyembamba,
haukuona uso.
Uso usioonekana, kila mtu huuchora apendavyo.

Nyanya wa nyanya yangu alishika ufito wa kushoto.
Hili hatulisemi. Kwetu tunasema:
"Tulikuwa majirani zao."

Nimeiona karatasi. Mirathi.
Wino umegeuka rangi ya chai,
mchwa wameila bismillahi hadi katikati.
Kitanda cha pembe, kimoja.
Minazi ya Hidabu, sitini na mitatu.
Sahani za buluu, kumi na moja;
pembeni, kwa mwandiko mwingine: moja ilivunjika.
Kisha, chini ya sahani, juu ya mbuzi:
Faida, mjakazi, umri haujulikani, mkono mmoja.

Basi.
Hakuna vidole mia. Hakuna msichana ukutani.
Kulikuwa na mwanamke aliyekula wali wake,
akaswali sunna zake,
akapeleka mafuta ya taa msikitini kila Alhamisi,
na siku moja ya joto sahani ikaanguka.

Nilitamani awe jini. Nakiri.
Jini hana majirani. Jini haazimi mchele,
hana mpishi, hana somo, hana wa kumshikia fito.
Tukimfanya jini, Mkomani yote inatakata:
anatakata mwandishi aliyeandika "mkono mmoja"
kwa hati nzuri vile, kila nukta mahali pake;
wanatakata waliokaa dakani wakasikia ule ukelele,
wakateremsha vikombe, wakangoja ukome,
wakavipandisha tena;
na anatakata yule wa kushoto
aliyeinua ufito jioni ile ile
kwa mikono yake miwili.

Sijui kama aliogopa. Sijui kama ufito ulitikisika,
nguo ikacheza kidogo tu,
na mpita ndia akadhani ni kaskazi imeanza.
Karatasi haikuandika hilo. Wala hadithi.

Jana binti yangu alivunja gilasi.
Ana miaka sita. Alificha mikono nyuma
akauliza, bila kulia,
kama Mwana Maka yuko njiani.
Nikamwambia: Mwana Maka alikufa, mwanangu,
alikufa kitandani, mzee, watu wakamlilia,
kaburi lake lina nakshi na hupakwa chokaa.
La Faida nimelitafuta miaka minne.
"Faida nani?"
Nikamwambia akae mbali asijikate.

Nikapiga magoti, nikaokota vigae,
kikubwa, kidogo, kingine chini ya kabati,
na nilipoinuka akawa ananitazama midomo,
maana nilikuwa nahesabu.