Komeo la Shilingi Elfu Nne

Ni mwaridi ulionifungua macho,
ule wa kopo la rangi, ukingoni mwa bwawa, mkabala na njia ya nne.
Februari, Jinja imekauka hadi vumbi linakohoa,
majani yote uani yamejikunja kama viganja vya wachoyo,
na huo peke yake unachanua.
Mimi siumwagilii. Mshahara wangu ni wa taulo na funguo,
na kuwaopoa kwa chujio wadudu wa ziwani waliokufa usiku.

Kocha Tenywa ana mizani aliyoiazima zahanati.
Huwapima watoto kabla ya kuingia, huwapima wakitoka,
huandika kwa penseli katika daftari lililolowa pembe.
"Robo kilo imekwenda wapi, Isabirye?"
"Imebaki bwawani, kocha."
Wanacheka. Yeye hacheki.
"Ni jasho. Samaki hatokwi na jasho, wewe unatokwa.
Unalitoa majini, maji yanalificha,
kama mwizi na rafiki yake."
Kisha chupa, kila mtu na yake, za soda, zimebanduliwa karatasi:
maji yaliyochemshwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili,
sukari, karakara moja iliyokamuliwa.
Kila raundi ya nne, kichwa juu, mafunda matatu.

Naigaga ana miaka kumi na mmoja na mabega ya mpiga kasia.
Huinua chupa, mashavu yanajaa,
nani angeshuku?
Ila siku ile nilikuwa nimechutama nyuma ya kabati la taulo,
nikamwona anainama kama anayefunga kamba ya kiatu,
na kiatu hana,
akautemea mwaridi.

Sikusema. Nilijiambia nitasema.
Jumamosi, raundi ya kumi na nane, mguu wake ukakaza,
ukawa ubao. Akaning'inia kwenye kamba, midomo imepauka,
kichwa, akasema, kinatwangwa.
Kocha akamtoa kwa makwapa. Mizani ikasoma kilo kasorobo.
Akamtazama, akaitazama chupa tupu,
hesabu ikamkataa.

Nilimfunika taulo mbili. Nikamuuliza kwa Kisoga, polepole,
maana aibu haijibu kwa lugha ya darasani.
"Ukinywa, unakwenda chooni," akasema.
"Chooni mlango haufungi.
Wavulana wakubwa wanausukuma, halafu wanakimbia."

Miaka sita nina ufunguo wa mlango huo.
Miaka sita nimebeba ufunguo wa kitasa kilichokufa,
unagongana na wenzake kiunoni,
na mimi mwenyewe hungoja nifike nyumbani.

Barabara ya Iganga, duka la misumari: komeo, elfu nne.
Bisibisi niliomba. Skrubu moja imeingia upande,
lakini linabana. Nililijaribu mara tisa, nikiwa ndani,
nikisikiliza lile
tak.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Hawakusema lolote juu ya kuyanywa,
wala pa kuyapeleka.

Jumanne Naigaga alimaliza chupa yake, akaomba ya Isabirye.
Alikatiza mazoezi mara mbili, akitembea, hakukimbia,
tak,
na kocha akaandika namba ndogo, akaipigia mstari.

Mwaridi umeanza kuinama.
Jioni, wakishaondoka, naupelekea maji kwa kikombe changu:
funda la kwanza langu,
yanayobaki yake.