A Moja

Kati ya biti na baiti pana a moja tu.
Huko Szolnok, nchini Hungaria, hutofautisha kwa b,
ndogo ya biti, kubwa ya baiti,
na b ikiandikwa na mtu mwenye baridi vidoleni
ndogo hunenepa, kubwa husinyaa.

Usiku mto Tisza ulipoingia ghala la chini
Ábel alisoma kibandiko ubavuni mwa mashine kuukuu:
arobaini kwa sekunde.
Akasoma karatasi ya kampuni ya simu:
mia kwa sekunde.
"Barabara ni pana kuliko mkokoteni," akasema.
"Gigabaiti tisini zitafika Budapest
kwa dakika thelathini na nane. Nichemshe kahawa?"

Vadas Piroska (kule ukoo hutangulia)
hakuinua macho. Alikuwa amevua viatu,
soksi moja imeloa, nyingine bado.
Miaka ishirini na sita ameandika vina vya mto,
kila asubuhi kina kimoja,
na vyote vimo humo, ndani ya bati lile linalonguruma.
"Mia ya nini?" akauliza.
"Na arobaini ya nini?"

Angekuwa malenga wa kwetu angemalizia hivi:

Baiti ni biti nane, kama kipande mizani,
Ukizidisha kwa nane, arobaini kichwani,
Jibu lake ulione, mia tatu ishirini,
Mia hiyo, tusigune, haitoshi asilani.

Lakini yeye si malenga.
Alichukua chaki, akaigawa mia kwa nane
pale ukutani, juu kidogo ya alama ya maji:
kumi na mbili na nusu.
"Mkokoteni ndio mpana, kijana. Saa mbili kamili.
Na hata hizo ni za ndoto.
Arobaini ni upana wa mlango,
si mbio za anayetoka.
Sahani za humu zimechoka,
siku yake njema hutoa tano.
Andika saa tano."

Ábel hakuandika.
Alikuwa na hesabu nyingine, isiyohitaji kugeuzwa:
sentimita kumi na mbili zimebaki kufikia mashine,
maji hupanda tatu kila saa.

Kuizima? Diski ya umri ule
ukiizima leo haiamki kesho,
mhimili hugandamana, ukabaki na chuma
na miaka ishirini na sita ya kimya.
Kwa hiyo ilibidi inyanyuliwe ikizunguka,
nyaya zote mahali pake,
polepole kuliko mtu anavyobeba supu.

Wakamwita Ödön wa pampu.
Makreti ya maji ya soda yalikuwa juu, ya sherehe ya mtu kustaafu;
wakayamwaga chupa, wakayashusha.
Watatu wakainama majini. Moja, mbili,
Ödön akakohoa na wote wakaganda,
taa ya kijani ikapepesa,
ikaendelea.

Kreti la kwanza. Baadaye la pili.
Hakuna aliyezungumza habari ya kahawa.
Kwenye kioo cheusi namba ilijongea:
mwaka wa ukame umefika,
mwaka wa barafu umefika,
mwaka aliozaliwa Ábel umefika, wenyewe
ulikuwa mwembamba, mto ulilala tu.

Alfajiri mstari ukajaa hadi mwisho.
Mashine ilizimwa na Piroska mwenyewe, kwa kidole kimoja,
na mngurumo ukashuka ngazi kama mtu mzito
hadi hukusikia kitu ila maji.

Kisha akatumbukiza rula.
"Sitini na moja," akasema.

Ábel alikuwa na chaki mkononi.
"Za nini?" akauliza.