Mizani

Huku Bwaise hakuna anayenunua mfuko mzima.
Mafuta nayafunga kwenye kavera, vifundo vidogo
kama vidole gumba, mia tano, mia tano.
Sukari kwa kijiko. Chumvi nakunja kwenye gazeti.
Unga nusu, robo, "robo ya robo, Afeku,
mpaka baba Sanyu alipwe."
Naandika. Daftari langu lina twiga kwenye jalada
na majina mengi kuliko rejista ya shule.

Nitasema, maana nimeshazeeka:
anayenunua kidogo hununua ghali.
Kilo niliyoivunja mara nane
ilinirudia na bei ya kilo na robo,
nami nikalipa pango, na ada ya binti yangu kule Arua.
Tena chini ya sahani ya mizani,
upande wa unga,
palikuwa na sarafu ya mia, imebanwa kwa chingamu.
Gramu saba.
Nani atalilia gramu saba?

Mwezi wa tano mfereji ulipasuka usiku.
Maji meusi yakaingia bila hodi, yakazima masigiri,
yakabeba sufuria ya Kemirembe hadi kwa jirani wa tatu.
Watoto walilala na chai ya rangi,
kesho yake na maji ya moto tuliyoyaita chai.
Kijana wa Apolot alikuja peke yake,
akanyoosha kiganja juu ya meza yangu.
"Sukari ya kuonja tu."
Nilimpa. Kisha, Mungu anisamehe,
nilifungua daftari nikaandika: Apolot, kijiko kimoja.

Nabukeera hakuhutubia mtu.
Yeye huokota maganda ya matoke, huwauzia wenye ng'ombe,
mikono yake ina weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni.
Alisimama dukani akaniambia, "Jumlisha."
"Deni lako?"
"La wote."
Nikajumlisha, nikalamba kidole, nikajumlisha tena.
Akauliza bei ya gunia kule kwenye mashine za Kisenyi,
akagawanya kichwani, macho yamefumba.
"Magunia matatu," alisema.
"Kumbe tunakula magunia matatu,
ila tunayanunua kwa vijiko."

Wakaanza na elfu mbili kila Jumatatu,
kwenye kopo la maziwa ya mtoto lenye tundu kifunikoni.
Wiki ya pili mmoja alitoa zake, zilikuwa za dawa.
Wiki ya nne walitukanana hadi kuku wakakimbia.
Wiki ya saba bodaboda ilikuja polepole, inakwepa madimbwi,
gunia limekaa nyuma ya dereva kama bibi harusi,
na Kemirembe anatembea kando, amelishika kiuno.

Nilihesabu hasara yangu kabla halijashushwa.

Jioni ile walikuja watatu.
Nilidhani wamekuja kunicheka.
"Tuazime mizani kesho," alisema Nabukeera.
"Tukipima kwa kikombe tutagombana.
Yako tunaiamini."

Usingizi haukuja.
Niliwasha tochi ya simu, nikapindua sahani,
nikaichokoa ile mia kwa ncha ya kisu.
Iliacha duara safi kwenye kutu,
kama jicho.

Asubuhi, uani, wamama kumi na wawili na mabeseni.
Magunia ya zamani yalikuwa yameegemezwa ukutani,
yamejazwa udongo, nakati imeanza kuchungulia matunduni.
Nilipima mimi mwenyewe. Hakuna aliyezungumza.
Apolot alipokea fungu lake, akalipakata,
akalipandisha na kulishusha mkononi
kama mtu anayemkumbuka mtoto aliyekua.
"Leo kilo ni nzito," alisema.
Akaniangalia.
Mimi nikaangalia vumbi la unga kwenye viatu vyangu.

Hakuongeza neno.
Mchana alipita dukani, akataka kavera moja ya mafuta,
akatoa elfu moja, taslimu.
Nikamrudishia chenji yake mkononi, sarafu kwa sarafu,
na ile mia juu,
bado inanata.