Uzi wa Milimita Tatu

Kipande cha kioo, kijiko cha maji,
na udongo wa Rabuor, mweusi kama sufuria ya matanga.
Nauviringisha kwa kiganja: uzi,
uzi mwembamba, mwembamba zaidi,
mpaka milimita tatu. Hapo unapaswa kukatika.
Huu haukatiki. Unazidi kujinyoosha
kama mdaiwa anayeomba siku nyingine.

Mama yangu, Dorsila Nyagilo, mfinyanzi,
aliushika mara moja tu, akautupa.
"Huu una kiu ya mlevi," alisema.
"Ukiupa maji unavimba, ukiunyima unapasuka.
Haufai chungu. Labda kaburi,
na kaburi lenyewe litaegemea."

Kiangazi kimoja, ufa wa darasa la nne
ulimeza rula yangu, nzima.
Masika ukafumba mdomo.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tuliziba, na ukuta tukajenga,
na ufa ukarudi pale pale, kama mwenye nyumba.
Wahenga hawakujenga Kano.

Sasa ipo dawa. Imekuja kwa jerikeni ya buluu:
kimeng'enya, rangi ya chai ya rangi,
harufu ya molasi iliyosahauliwa juani
njia ya Muhoroni, msimu wa miwa.
Kikombe kimoja kwa pipa zima la maji.
Nilicheka. Injinia Wekulo hakucheka.
Alichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti:
udongo huu ni kurasa, alisema,
kurasa nyembamba kuliko jicho,
na maji ni msomaji asiyejua kufunga kitabu.
Hii inakifunga.

Tukaichimbua barabara, sentimita kumi na tano,
tukanyunyiza, tukageuza, tukanyunyiza tena,
Ogwang' akapita na roli lake la kwato
mbele, nyuma, mbele,
mpaka ardhi ikaanza kujibu kwa sauti ya mlango.
Kisha siku tatu bila gurudumu.
Nilikaa kando na bendera nyekundu
nikifukuza ng'ombe, bodaboda,
na msafara mmoja wa harusi ulionitukana vizuri sana.

Siku ya tatu mama akaja, kwa miguu.
Aliinama, akakwaruza kwa ukucha, akanusa.
"Mmeweka nini?"
Nikamweleza kurasa, nikamweleza kitabu.
"Mimi huweka vigae," alisema.
"Chungu kikivunjika nakisaga, nakirudisha kwenye udongo mbichi,
upate wa kuufunza aliyekwisha kupita motoni.
Nyinyi mmeweka chachu."
Akajipangusa kidole kwenye leso.
"Haya. Chachu nayo ina kazi yake."

Aprili mvua ikanyesha ya Kano,
ile isiyoulizwa itaisha lini.
Mita mia mbili tulizoziacha bila dawa
ziliumuka, zikaikamata trekta ya miwa hadi ekseli,
watu wakapakua kwa mabega.
Mia mbili zetu zilikaa.
Isipokuwa kumi, karibu na kalavati,
pale Ogwang' alipoharakisha, dizeli ikiishia.
Hapo pana ufa. Ukucha unaingia, rula haiingii.
Wekulo anauita kasoro ndogo ya kazi.
Mimi naupima kila Jumatatu,
na sijamwambia mtu kwamba huwa nausalimia.

Leo nimerudi kwenye kioo
na udongo wa mita ya tisini.
Nimeuviringisha: uzi, mwembamba, mwembamba zaidi.
Milimita tatu.
Ukakatika.
Vipande saba, vikavu, vya adabu.
Sikuandika namba papo hapo. Nilivifunga kwenye gazeti
nikampelekea mama, jioni, jikoni kwake.
Alivigeuza kiganjani mmoja mmoja,
akauma kimoja, akatema,
na bila neno
akavitupa kwenye kikapu cha vigae.